Nilikwenda kumnyang'anya Tata ufunguo wa pikapu

Mama hapigi simu asubuhi. Akipiga asubuhi najua kuna jambo. Alhamisi moja ya Aprili mwaka jana alipiga saa moja na nusu, mvua ikimwagika Bukoba kama kawaida ya mwezi huo, nami nimesimama barazani kwangu Kashai nikisubiri ipungue niende kazini.

"Jana baba yako ametushusha kilima kwa gia namba moja," alisema. "Mimi nilikuwa nasali tu."

Wazazi wangu wanaishi Kamachumu, wilayani Muleba. Anayepajua anakijua kilima chenyewe. Kamachumu iko juu, na ukitaka kufika barabara kuu ya kwenda Bukoba unateremka hadi Muhutwe. Tata, kama tunavyowaita baba zetu sisi Wahaya, ana pikapu aina ya Toyota Hilux aliyoinunua ikiwa tayari kuukuu. Siku hiyo alikuwa amepakia mikungu ya ndizi kwenda kuuza Muhutwe, Mama akiwa ameketi pembeni yake. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, gari likavutwa kulia, upande wa magari yanayopanda. Akakanyaga tena, likavutwa tena. Akarudisha gia namba moja, wakakokotana hivyo hivyo mpaka chini.

"Usimwambie kwamba nimekwambia," Mama alimalizia, akakata simu.

Nilikaa na maneno hayo siku nzima kazini. Tata alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia kwamba siku moja nitamwambia aache kuendesha, na kila mara nikaahirisha. Sasa niliona siku imefika. Jioni nilimtafuta jamaa mmoja anayenunua magari ya zamani. Akataja bei, nikaandika namba yake kwenye kikaratasi nikakitia mfukoni. Nilimwambia mke wangu kwamba Jumamosi nakwenda Muleba, na nikirudi nitarudi na ufunguo wa pikapu.

"Baba watoto," aliniambia, "gari la mzee siyo gari tu. Ukifika anza kwa kusikiliza."

Nilimjibu kwamba kusikiliza hakufungi breki.

Jumamosi nilipanda Hiace asubuhi. Tukapita Kemondo, nikashuka Muhutwe, nikachukua bodaboda kupanda juu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitaanza na afya yake, niingie kwenye usalama wa Mama, nimalizie na bei ya yule mnunuzi, ambayo haikuwa mbaya.

Nilipofika sikupata nafasi ya kusema hata neno la kwanza. Pikapu ilikuwa uani chini ya mwembe, upande wa kushoto nyuma umeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo, matairi mengine yamezuiwa kwa mawe. Tairi lilikuwa limelazwa chini, dramu ya breki pembeni yake, na Tata ameketi kwenye kigoda mbele ya tundu la eksili, kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa chenye damu iliyokauka.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Hebu shika hii tochi."

Alikuwa siku ya tatu akipambana na sili.

Kwa msomaji asiyejua, nieleze kidogo. Nyuma ya gari la aina hii kuna difu, na ndani ya difu mna oili nzito. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili, moja kila upande, hadi kwenye matairi. Mwisho wa kila bomba la eksili kuna sili, pete ya chuma iliyovikwa mpira, ambayo kazi yake ni kuibana shafti ili oili isivuke kwenda nje. Sili ikichoka, oili inapita kwenye beringi, inaingia ndani ya dramu na kulowesha breki. Breki zilizolowa oili hazishiki. Tairi moja linashika, jingine linateleza, na gari linavutwa upande unaoshika. Ndicho kilichotokea kilimani. Ukiona majimaji meusi yanachuruzika upande wa ndani wa tairi la nyuma, au gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, usiseme ni barabara mbaya. Fungua tairi uangalie.

Niliinama na tochi. Tata alikuwa ameshachomoa shafti na kuilaza juu ya gunia safi. Sili ya zamani ilikuwa bado imekaa mdomoni mwa bomba, imekaa kiherehere, upande mmoja umezama zaidi ya mwingine. Kuizunguka kulikuwa na gundi ya silikoni ya kijivu iliyokauka ikawa ngumu kama kwato.

"Huyu aliyeiweka," Tata alisema taratibu, "aliigonga upande mmoja. Alipoona imepinda, akaziba kwa gundi."

Sikujibu, kwa sababu aliyeiweka nilimjua. Januari ile Tata aliniambia kwamba tairi la nyuma linavuja oili. Nilimwambia alete gari mjini, nikampeleka kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na mtu, nikalipa kwa simu nikiwa mezani kwangu ofisini. Kutoka ofisini hadi gereji ile ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sikwenda. Fundi alisema kazi imekwisha, Tata akarudi Muleba, mimi nikajihesabu kuwa mtoto mwema.

Na sasa nilikuwa nimekuja kumnyang'anya ufunguo kwa kosa la sili ile.

Hata hivyo ukweli huo haukunituliza, ulinipandisha hasira. Nilivua shati, nikachukua bisibisi kubwa na nyundo. Nikamwambia Tata apumzike, kazi hii inataka nguvu. Aliniangalia, akasogea na kigoda chake bila neno. Nikaingiza ncha ya bisibisi kati ya sili na bomba, nikagonga. Nikagonga tena. Mara ya nne bisibisi iliteleza, nikasikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma.

Tata alinyoosha mkono akachukua tochi. Alimulika kwa muda mrefu. Kwenye ukuta wa ndani wa bomba, pale sili inapokaa, kulikuwa na mchubuko mpya unaong'aa, urefu wa punje ya mchele.

"Sili mpya ni elfu chache," alisema. "Bomba hili hatuna jingine."

Hakuongeza kitu. Akanyanyuka akaenda kunawa mikono, nami nikabaki nimechuchumaa na nyundo yangu. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Mama alileta chai na viazi vitamu. Tulikunywa chini ya mwembe tukitazama mvua ikijikusanya upande wa ziwa. Ndipo Tata aliponisimulia jambo ambalo nilikuwa nikilisikia nusu nusu tangu utotoni. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, yeye alikuwa utingo wa lori la kubeba kahawa. Lori lile likachukuliwa pamoja na dereva wake na yeye, kusafirisha chakula cha askari. Lilipoharibika njiani hapakuwa na duka la spea, na dereva wake hakuruhusu mtu kugonga kitu ambacho hajakitazama.

"Alikuwa anatuambia, kwanza jiulize kimeshikwa na nini. Ukijua kinachokishika, utajua pa kukilegezea. Ukianza na nyundo, utavunja ambacho hakikuwa na kosa."

Kisha akanionyesha alichokuwa amekifanya siku mbili zile ambazo mimi niliziona za kupoteza muda. Siku ya kwanza alikwangua gundi kidogo kidogo kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu mwanzi hauchubui chuma. Siku ya pili aliipaka kutu yote mafuta ya kupenya, akaiacha ilale. Kidole alikiumiza alipojaribu kuivuta kwa kipande cha nondo alichokikunja mfano wa ndoana. Upande ulioinuka ulilegea, ule uliozama ukagoma.

"Nilikuwa nangoja mtu wa kunishikia tochi," alisema. "Macho yangu ndani ya shimo hayaoni vizuri."

Baada ya chai tulianza upya, safari hii yeye akiongoza. Alimtuma mpwa wangu kuazima drili ya mkono kwa seremala jirani. Kwanza alisukuma tambara safi ndani ya bomba kupitia tundu la sili, akalikaza, ili vumbi la chuma lisiingie kwenye difu. Akapaka grisi kwenye ncha ya drili ili vumbi linase humo. Kisha nikatoboa matundu mawili madogo kwenye uso wa sili yenyewe, yakitazamana, moja upande ulioinuka na moja upande uliozama. Nilitoboa kwa uangalifu, nikiacha mara tu nilipohisi chuma kimepenya. Katika kila tundu tukakaza skrubu ya mbao, siyo hadi mwisho, tukaacha vichwa vimechomoza nusu kidole.

"Sasa shika kwa plaizi uvute upande uliozama. Kidogo. Sasa huku. Kidogo. Rudi kule."

Nilivuta kushoto, nikavuta kulia. Hakuna kilichosogea. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilitaka kuikamata nyundo tena, nikamtazama Tata, nikaiacha. Aliweka kipande cha ubao mdomoni mwa bomba, plaizi ikaegemea ubao badala ya chuma. Vuta huku, vuta kule. Mara ya kumi au zaidi nikasikia mlio mdogo, kama kizibo kinapotoka kwenye chupa, na upande uliozama ukapanda kwa upana wa ukucha.

"Taratibu," Tata alisema, sauti yake imebadilika. "Taratibu, inakuja."

Ilitoka yote kwa mkupuo mmoja, nikaangukia mgongo kwenye majani ya migomba na sili mkononi. Mpwa wangu akapiga makofi. Mama akatokeza jikoni kuuliza nani amekufa.

Tata hakushangilia. Aliigeuza ile sili mkononi, akapitisha kidole kwenye ulimi wake wa mpira. "Haijachakaa," alisema. "Ya Januari, itachakaaje? Imepinda, sawa. Lakini oili ilikuwa inasukumwa." Akaniambia niingie chini ya gari nitafute juu ya eksili, kuna kipumulio, kidude kidogo kama kofia ya kalamu. Niliingia, nikapapasa, nikakipata. Kilikuwa kimejaa udongo mwekundu uliokauka, hakipitishi hata hewa ya kupuliza kwa mdomo.

Hili sikuwa nalijua, na nimeona wenye magari wengi hawalijui. Difu ikifanya kazi inapata joto, na hewa iliyomo ndani inatanuka. Inatakiwa itoke kupitia kipumulio hicho. Kikizibwa na matope, hewa inatafuta njia nyingine, nayo njia dhaifu kuliko zote ni sili. Unaweza kubadilisha sili kila mwezi na bado itavuja. Tulikichomoa, tukakilowesha, tukakizibua kwa waya mwembamba mpaka kikapitisha hewa.

Mama, ambaye alikuwa amesimama akisikiliza na mwiko mkononi, akasema, "Kumbe hata gari lisipopumua linavuja." Akatutazama mmoja mmoja, akarudi jikoni.

Ule mchubuko wangu Tata aliulainisha kwa kipande cha msasa laini sana, akizungusha kwa kidole kimoja kwa karibu nusu saa. Akapitisha ukucha, ukateleza. Mpwa alikuwa ameshakwenda Muleba mjini na bodaboda, akarudi na shuu mpya za breki za pande zote mbili, kwa sababu zile zilizokunywa oili hazifai tena, na ukibadilisha upande mmoja tu gari litaendelea kuvuta. Sili mpya Tata alikuwa nayo tangu Ijumaa. Alilinganisha tarakimu zilizochorwa usoni mwake na zile za sili ya zamani: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene, vyote kwa milimita. Akaipaka grisi kwenye ulimi, upande wenye springi ukitazama ndani kwenye oili, na akaniachia mimi niigonge. Tuliilaza sili ya zamani juu ya mpya, na ubao juu yake, nikagonga katikati kwa nyundo ile ile, taratibu, mpaka ikakaa sawa pande zote.

"Umeona?" alisema. "Nyundo siyo mbaya."

Ilipofika saa kumi tulikuwa tumerudisha shafti na dramu na kuongeza oili ya difu iliyopotea. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Kazi hii inataka watu wawili: mmoja ndani anakanyaga pedali, mwingine chini anafungua na kufunga nati ndogo nyuma ya tairi. Tata aliingia kwenye usukani, mimi nikalala chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Nikafungua, mafuta ya breki yakatoka na mapovu. Nikafunga. "Achia!"

Tulifanya hivyo mara kadhaa. Katikati ya kukanyaga na kuachia, sauti yake ikaja kutoka juu, bila mimi kumwona uso.

"Huyo mnunuzi wako, umemwambia kwamba inavuja?"

Nilinyamaza. Mke wangu alikuwa amempigia Mama, na Mama hafichi kitu zaidi ya saa moja.

"Shikilia, Tata," nikasema.

"Nimeshikilia." Kisha akaendelea. "Usiku siendeshi tena, tangu Krismasi. Taa za wanaokuja zinanipasukia machoni. Mama yako hajui, nilimwambia petroli imepanda. Kile kilima pia nilitaka kukwambia. Lakini wewe ukipiga unauliza hela imefika, nikisema imefika unakata."

Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Nilikaza nati, nikabaki nimelala pale chini kwa muda kuliko ulivyohitajika. Ni kweli. Nilikuwa natuma hela kila mwisho wa mwezi, na nilidhani kutuma ndiko kuwatunza. Hakuna mwezi hata mmoja niliouliza anaendeshaje, anaona vipi, anaogopa nini.

Nilipotoka chini nilikitoa kile kikaratasi mfukoni nikampa. Alikisoma akikisogeza mbali na macho, akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati lake.

"Nitakitunza," alisema. "Siku nikiona siwezi, nitampigia mwenyewe. Na wewe ukiona siwezi kabla yangu, njoo uniambie hapa. Usiniambie kwenye simu."

Tulikubaliana mambo matatu, Mama akiwa shahidi. Kilima cha Muhutwe ataendesha mpwa wangu, ambaye ana leseni na alikuwa akisubiri tu kuaminiwa. Tata ataendesha huku juu kwenye tambarare, mchana, kwenda sokoni, kanisani na shambani. Nami nitakuja Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, badala ya kutuma salamu na muamala.

Sisemi kwamba kila mzazi aachiwe usukani. Kuna wazee ambao lazima waache, na kuna siku Tata naye ataacha. Ningefika mapema kidogo, au angekuwa na ukaidi zaidi, huenda ningeondoka na ufunguo na ningekuwa sahihi kuhusu breki. Ila nisingejua habari ya macho yake, na Mama asingejua kwa nini hawasafiri usiku.

Imepita zaidi ya mwaka sasa. Baadhi ya Jumamosi nimekosa, mbili au tatu, na kila nilipokosa nilisemwa. Kikaratasi bado kiko kwa Tata. Kila nikifika, kabla hata ya kuingia ndani, nainama nyuma ya tairi la kushoto na kupitisha kidole upande wa ndani. Mpaka leo kidole kinatoka na vumbi tu. Tata huwa ananitazama kutoka barazani, haniulizi natafuta nini.